Picha ya mahafali: Kosa ni la kamera, si sura ya mwanao

Lindi. Ni saa 6 mchana, katikati ya Oktoba, kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari katika pwani ya Lindi. Msichana wa kidato cha nne amesimama juani. Amevaa joho jeusi la kukodi na hijabu nyeupe, na shingoni ana mashada matatu ya maua aliyovishwa na shangazi zake. Mama yake ananyanyua simu, anabonyeza mara moja, kisha anamgeuzia kioo aone.

Anga imetoka vizuri. Hijabu imetoka vizuri, mashada yanang'aa. Uso wake ni doa jeusi lisilo na macho.

"Mama, ifute. Nimetoka mweusi, mbaya," anasema.

"Si ndivyo ulivyo, mwanangu?" mama anamjibu huku akicheka, na picha inaondoka kwenda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Tukio la namna hii hujirudia kila msimu wa mahafali, kuanzia Somanga, Kivinje na Kilwa Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini. Mama hakukusudia ubaya. Lakini jibu lake, ambalo kwake lilikuwa utani, msichana huyo anaweza kukaa nalo miaka mingi, na isitoshe si kweli. Binti hakutoka vile kwa sababu ndivyo alivyo. Ametoka vile kwa sababu ya mahali aliposimama, saa aliyopigwa picha na namna simu inavyopima mwanga.

Mahafali ya kidato cha nne hufanyika zaidi Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa unaoanza Novemba. Kwa mikoa ya kusini ni majira ambayo msimu wa korosho nao unaanza, na familia nyingi hujibana kupata fedha za joho, viatu, keki na nguo ya disko la jioni. Picha ndiyo inayobaki baada ya hayo yote kuisha. Itakaa ukutani sebuleni, itaonyeshwa wageni, na siku moja itaonyeshwa wajukuu.

Anayepigwa picha hiyo ana miaka 16, 17 au 18. Ni umri ambao mwili unabadilika haraka, chunusi zinatoka bila taarifa, na kijana hujilinganisha na wenzake kila siku. Picha moja mbaya iliyosambazwa na mzazi inaweza kumfanya aamini jambo lisilo la kweli kuhusu uso wake mwenyewe. Habari njema ni kwamba makosa mengi yanayoharibu picha hizi yanarekebishika kwa simu ileile, bila kununua chochote.

Jua la Oktoba liko utosini

Kilwa iko takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Lindi mjini nyuzi 10. Kwa sababu hiyo jua hupita juu kabisa ya utosi wa wakazi wa pwani hii mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari, na tena kati ya Oktoba 15 na 20 hivi. Maana yake ni kwamba mahafali ya Oktoba huangukia siku ambazo jua la mchana limesimama wima kuliko karibu siku nyingine zote za mwaka.

Jua la wima huangaza paji la uso, ncha ya pua na mabega. Macho, sehemu ya chini ya pua na kidevu hubaki kizani. Kijana naye hukunja uso kwa ukali wa mwanga, akaonekana amechoka au amekasirika siku ambayo alipaswa kuwa na furaha kuliko zote.

Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kivuli kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua liko juu mno kwa picha ya uso. Kwa Oktoba, hali hiyo huanza karibu saa 3 asubuhi na kuendelea hadi saa 9 alasiri. Kwa hiyo picha nzuri hupigwa nyumbani kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi kabla ya kwenda shuleni, au kati ya saa 10 alasiri na saa 12 jioni, sherehe ikishaisha na kabla ya disko.

Kama ratiba hairuhusu, tafuta kivuli. Kivuli kizuri kuliko vyote kiko pale nyumbani: baraza. Msimamishe kijana ndani ya kivuli cha baraza, karibu na ukingo, uso wake ukitazama nje kwenye uwazi. Mwanga utakaomfikia ni laini, hautakuwa na mistari, na hata chunusi hazitajitokeza sana kama zinavyofanya juani. Mwembe au mkorosho wenye majani mazito hufaa pia. Mnazi haufai, kwa sababu makuti hupitisha mwanga vipande vipande na uso hutoka na mistari kama wa pundamilia.

Wengi hupenda bahari ionekane nyuma. Sehemu kubwa ya pwani hii imetazama mashariki, na jambo hilo linabadilisha kila kitu. Asubuhi jua linatoka baharini. Kijana akiipa bahari mgongo, jua linakuwa nyuma yake na uso unabaki giza. Jioni mambo yanageuka: jua liko bara, limeshuka, linamwangaza usoni, na bahari nyuma yake inatoka na rangi yake. Anayetaka picha ya ufukweni Jimbiza au kando ya ghuba ya Lindi asubiri jioni. Katikati ya Oktoba jua huzama dakika chache tu baada ya saa 12, hivyo asichelewe.

Familia itakayovuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yaliyoingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, itakuta kivuli kizuri kwenye matao ya Msikiti Mkuu. Kijana asimame karibu na mlango wa tao akitazama upande wa mwanga. Asipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Zile ni kuta za karne nyingi, zikimeguka hazirudi.

Kuna suala la afya hapa pia. Joho jeusi, suruali nzito na joto la Oktoba ni mchanganyiko unaochosha mwili haraka. Kijana aliyesimamishwa juani nusu saa kusubiri zamu ya kila shangazi anaweza kupata kizunguzungu. Mpe maji, mpumzishe kivulini, na mwache avue joho kati ya picha na picha.

Simu hukadiria, na hukosea

Kamera ya simu haijui inamtazama nani. Inachofanya ni kupima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuuweka katikati, usiwe mwingi wala mdogo. Mbele yake kukiwa na vitu vingi vyeupe kama anga, ukuta uliopakwa chokaa, shati la sare au hijabu, simu huona mwanga umezidi na kuupunguza kwenye picha nzima. Uso mweusi, ambao haukuwa na tatizo lolote, unapunguziwa mwanga pamoja na hivyo vingine. Hapo ndipo macho yanapotea.

Dawa yake ni kidole. Kabla ya kupiga, gusa uso wa kijana kwenye kioo cha simu. Simu itaelewa kwamba kinachohitajika ni uso. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua pembeni. Kipandishe taratibu hadi uone macho, mashavu na rangi halisi ya ngozi. Anga ikififia kidogo si hasara. Hakuna atakayetundika ukutani picha ya anga.

Pia chagua kilicho nyuma yake. Mlango wa mbao, ukuta wa matumbawe ulio kivulini, majani ya mwembe au kanga ya rangi iliyoiva humsaidia mtu mwenye ngozi nyeusi kuonekana vizuri kuliko ukuta mweupe. Kama uso bado una giza, mwombe mtu ashike shuka jeupe chini ya kifua cha kijana, nje ya picha, ili lirudishe mwanga usoni. Baba aliyevaa kanzu nyeupe akisimama juani mbele ya kijana aliye kivulini, hatua mbili tu kutoka kwake, anafanya kazi hiyohiyo.

Inafaa wazazi wajue kwamba kosa hili la kamera lina historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafisha picha duniani zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zilizotolewa na kampuni ya Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa "Shirley", jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha ya mwanzo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyingine zikatoka zilivyotoka. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, alieleza mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao zilitoka vibaya kwenye matangazo.

Simu za leo ni bora kuliko filamu zile, lakini tatizo halijaisha. Ndiyo maana Oktoba 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu ya Pixel 6 iliitangaza kwa mfumo ulioitwa Real Tone, uliotengenezwa ili kamera isome vizuri zaidi ngozi nyeusi. Kampuni kubwa kama hiyo ilikiri kwamba kamera ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Binti wa Kilwa naye anastahili kuambiwa hivyo.

Pua haijakua, simu iko karibu

Malalamiko ya pili ya vijana ni umbo. Msichana anaona pua yake pana, mvulana anaona paji lake limekuwa kubwa, na wote wawili wanaamini picha.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la upasuaji wa uso, JAMA Facial Plastic Surgery, hesabu za jambo hili. Walionyesha kuwa picha inayopigwa umbali wa sentimita 30, kama zile za kujipiga kwa mkono, huweza kuifanya pua ionekane pana kwa takribani asilimia 30 kuliko ilivyo. Umbali ukifika mita 1.5, tofauti hiyo karibu inaisha. Sababu ni kwamba simu ikiwa karibu sana, pua huwa karibu zaidi na lenzi kuliko masikio, na kilicho karibu huonekana kikubwa.

Kwa hiyo rudi nyuma hatua mbili au tatu. Tumia kamera ya nyuma ya simu, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele. Shika simu kwa mikono miwili, ikiwa sawa na macho ya kijana kwa picha ya uso, au sawa na kifua chake kwa picha ya mwili mzima. Ukipiga kutoka juu, kichwa kitakuwa kikubwa na miguu mifupi. Ukipiga kutoka chini, kidevu na pua vitatangulia. Kwenye picha ya kundi usimweke mtu yeyote ukingoni kabisa, kwa kuwa lenzi pana ya simu huwavuta na kuwatanua walio pembeni. Acha nafasi kila upande.

Kabla ya yote, futa lenzi. Simu iliyokaa mfukoni Kilwa au Lindi siku nzima ina jasho, vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, na ukungu huo ndio unaofanya picha ionekane imefifia. Kipande cha kanga ya zamani, safi na kavu, kinatosha.

Kitufe cha urembo na mkorogo

Simu nyingi huja na kitufe cha urembo, mara nyingi kimeandikwa Beauty, na nyingine huja kikiwa kimewashwa tayari. Kazi yake ni kulainisha ngozi, kukonda mashavu na kuufanya uso uwe mweupe zaidi. Mzazi asiyejua humpiga mwanawe picha, akaona "ametakata", akafurahi.

Kijana anajifunza nini hapo? Anaona kwamba picha iliyosifiwa na ukoo mzima ni ile isiyofanana naye. Kesho akijitazama kwenye kioo cha nyumbani, anayemwona ndiye yule ambaye simu ilikuwa inamrekebisha.

Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana wa umri wa ujana walisema kwamba, walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, mtandao wa Instagram ulizidisha hali hiyo. Hayo ni majibu ya wasichana waliohojiwa na kampuni yenyewe.

Kwetu njia hiyo ina hatari ya ziada, kwa sababu dukani kuna kitu kinachoahidi kufanya kwenye ngozi kile ambacho simu imefanya kwenye picha. Ni mkorogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaonya kwamba zebaki iliyomo katika baadhi ya vipodozi vya kuchubua huharibu figo, husababisha vipele, madoa na makovu, na hupunguza uwezo wa ngozi kujikinga na bakteria na fangasi. Mafuta yenye steroidi kali hufanya ngozi kuwa nyembamba. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Hapa nchini usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019.

Wiki mbili au tatu kabla ya mahafali ndipo baadhi ya vijana huanza kutafuta krimu ya "kutakata haraka". Ukiona chupa isiyo na maelezo ya viambato au mafuta yaliyochanganywa kienyeji, zungumza na mwanao kwa upole, bila kumkejeli. Akiwa na chunusi nyingi zinazomkosesha raha, kituo cha afya kina msaada kuliko duka la vipodozi.

Siku ya picha, zima kitufe hicho. Kama chunusi moja iliyotoka jana inamsumbua, hakuna ubaya kuifuta baadaye kwenye simu. Wiki ijayo haitakuwepo. Rangi ya ngozi, upana wa pua, alama ya kuzaliwa na pengo la meno viachwe. Hivyo ndivyo vitakavyowafanya wajukuu waseme: huyu ni bibi.

Mwenye ualbino asisimamishwe juani

Ushauri wa kumgeuza mtu alitazame jua la jioni haumhusu kila mtu. Mwanafunzi mwenye ualbino hana kinga ya kutosha ya melanini kwenye ngozi, na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Kumsimamisha juani "ili picha itoke" ni kumuumiza, na jua hilohilo linalojirudia ndilo linaloongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Mpige picha kivulini, bila flashi, na mwache avae kofia yake pana na miwani akitaka. Mafuta ya kujikinga na jua apakwe kabla ya kutoka. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini, kama Kilisun ya Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Kwa upande wa simu, kosa hugeuka: joho jeusi huidanganya kamera iongeze mwanga, na uso wake hutoka mweupe usio na alama. Gusa uso wake kwenye kioo, kisha kishushe kialama cha jua badala ya kukipandisha. Akiwa kwenye kundi na wenzake, wote wakae kivulini. Mwanga laini ndio unaowapokea wenye ngozi tofauti kwa pamoja.

Dakika kumi zinatosha

Picha nyingi za mahafali huharibika kabla simu haijanyanyuliwa, kwa maneno. "Simama vizuri." "Cheka basi." "Mbona umenenepa?" "Dada yako alipendeza kuliko wewe." Kijana akishasikia hayo, uso unafunga.

Mpe taarifa mapema: tutapiga picha kwa dakika kumi, baada ya hapo uko huru. Muulize angependa kupigwa wapi na akiwa na nani. Mwite rafiki yake wa karibu asimame naye, kwa kuwa kijana hucheka na rafiki kuliko anavyocheka na lenzi. Mpe mikono yake kazi, ashike cheti, arekebishe kofia au amfunge mdogo wake kamba za viatu. Mwambie atembee kuelekea kwako polepole huku ukipiga picha kadhaa mfululizo. Picha anayoipenda mara nyingi hupatikana pale alipodhani umeshamaliza.

Kuhusu mwili, nyamaza. Wapo waliorefuka mwaka huu na wapo ambao bado, wapo waliotoka ndevu na wenzao hawana hata dalili. Yote hayo ni ukuaji wa kawaida. Kama lazima useme kitu, sema kuhusu alichofanya: miaka minne ya kuamka alfajiri, kilomita alizotembea, somo lililomshinda akalirudia hadi likamwelea.

Baada ya kupiga, kaeni pamoja mtazame. Mwache achague tatu na kufuta nyingine. Picha ambayo wewe unaiona nzuri na yeye anaiona mbaya, ibaki kwenye simu yako tu au iondoke kabisa.

Disko likianza

Jioni ukumbini taa ni chache na zinabadilika rangi. Flashi ya simu hufika mbali kidogo tu. Walio karibu hutoka wameungua kwa mwanga na jasho linang'aa, walio nyuma hubaki kizani. Ni heri kupiga picha ya nguo ya disko nje, dakika ishirini kabla ya jua kuzama. Kama lazima ndani, mweke karibu na mlango au taa nyeupe, afute uso kwa leso, na wewe egemea ukuta ili simu isitikisike.

Muziki ukishaanza, mzazi aweke simu mfukoni. Vijana wanaocheza huku wakirekodiwa na wazazi hawachezi kwa raha. Pwani hii inaelewa jambo hilo kuliko wengi, kwani mambo ya jando na unyago kwa desturi hayaonyeshwi kwa wasiohusika. Wazee walijua kwamba ujana una vyumba vyake vya faragha.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Swali ni moja: yeye amekubali? Kumzaa hakuondoi haja ya kumuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Picha inayoonyesha nembo ya shule, jina kamili kwenye cheti na kibao cha kijiji humweleza mgeni asiyejulikana mahali pa kumpata binti yako. Kata sehemu hizo au ziba. Usiweke kwenye statasi picha ya kundi yenye watoto wa wenzako bila kuwauliza. Mtu akianza kumtumia mwanao ujumbe wa usumbufu au kumtisha kwa picha zake, usimlaumu yeye. Hifadhi ujumbe huo kama ushahidi, toa taarifa polisi, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, inapokea wito.

Ya kukumbuka siku yenyewe

Kabla ya kutoka nyumbani, pitia mambo haya:

- Chaji simu usiku, futa picha zisizohitajika ili kuwe na nafasi, na safisha lenzi.
- Zima kitufe cha urembo.
- Piga asubuhi kabla ya saa 3 au jioni baada ya saa 10. Kati ya hapo, kaa kivulini.
- Asubuhi kijana asiipe bahari mgongo. Jioni aipe.
- Gusa uso kwenye kioo, pandisha au shusha mwanga.
- Simama mita 1.5 au zaidi.
- Beba maji.
- Mwonyeshe, mwache achague, omba ruhusa ndipo utume.

La mwisho ni kuchapisha. Simu huibiwa, huharibika na huanguka majini, na picha huenda nazo. Peleka ile moja aliyoichagua mwenyewe studio, itolewe kwenye karatasi, iwekwe kwenye fremu mbali na dirisha la jua na ukuta wenye unyevu. Nyuma yake andika tarehe, jina la shule na majina ya waliosimama naye.

Na kama bado kuna ile picha ya saa 6 mchana, yenye anga nzuri na uso usio na macho, mwite mwanao mkae naye. Mwonyeshe anga ilivyokuwa nyeupe, mwonyeshe kivuli kilivyoangukia machoni, kisha mtoke mpaka barazani mpige nyingine. Mwambie waziwazi kwamba ile ya kwanza ilikosewa na simu. Ni maneno machache, lakini anahitaji kuyasikia kwako kabla hajasikia mengine dukani.